Mchoma Ndafu Aliyefunga

Ukihudhuria harusi Moshi, ukaona mbuzi mzima anaingizwa ukumbini amesimama juu ya sinia, ngozi imekauka rangi ya asali, jani bichi mdomoni, na watu wanacheza nyuma yake kana kwamba yeye ndiye bwana harusi, basi huenda umeonja kazi ya Leodegar. Anaishi Njoro, hapo hapo mjini, na mkewe Justina. Kuchoma ndafu alifundishwa na baba yake huko kwao Kibosho, mlimani, na baba yake alipofariki, watu waliendelea kupanda na kushuka kumtafuta mtoto kama walivyomtafuta mzee.

Alikuwa mnene, tena mnene hasa. Wateja walipenda hivyo. "Mchomaji mwembamba mwogope," walisema, "hata mwenyewe hali nyama yake." Leodegar alicheka nao, akajipiga tumbo, akapata kazi nyingine. Alishinda siku nzima motoni akionja chumvi, akionja ini, akionja mbavu. Usiku wageni wakishaondoka, ndipo yeye na wapishi wenzake walipokaa kula hasa, na mbege au bia za kusindikizia. Alirudi nyumbani akalala akiwa amekaa kwenye kochi, maana akilala chali pumzi ilimkaba. Asubuhi Justina ndiye aliyemfunga kamba za viatu. Hakuna aliyeona ajabu. Tumbo la Leodegar lilikuwa kibao chake cha biashara, na mke wake kila mahali alisifiwa kwamba anajua kutunza.

Kisha masika moja, mwezi wa nne, mdogo wake Denis alipiga simu kutoka Kibosho. Mama yao, Bibi Mektrida, alikuwa na homa na hapumui vizuri. Leodegar alikodi gari, akapanda nalo kwenye mvua mpaka mahali ambapo kalvati lilikuwa limesombwa na maji. Dereva akazima injini. "Hapa ndipo mwisho, mzee." Kilichobaki kilikuwa kilima kimoja tu, njia ya miguu kati ya migomba na kahawa, ile ile aliyokuwa akikimbia utotoni akitumwa kuchota maji mfongoni, kwenye mfereji wa kijiji.

Alianza kupanda. Tope lilikuwa linateleza, akajishika kwenye migomba. Hajafika mbali, magoti yakaanza kuuma, kisha kifua. Alisimama akahema, akaendelea, akasimama tena. Mahali fulani miguu ilikataa kabisa. Alikaa juu ya jiwe kando ya njia, mvua inampiga, akaona mbele yake nyota ndogo ndogo ambazo hazikuwepo.

Hapo ndipo walipomkuta. Denis na majirani watatu walikuwa wanashuka na mama juu ya machela ya miti waliyoifunga kwa kamba, amefunikwa blanketi na turubai. Walipompita, mama alifunua uso.

"Leo," alimwita kwa kifupi cha jina lake, sauti ikikatika. "Umekaa hapo unafanya nini?"

Leodegar alijaribu kusimama, akayumba. Denis alimtazama mama, akamtazama kaka yake, kisha akamwambia mmoja wa majirani, "Thadeus, mshike huyu. Sisi tutamudu." Ndivyo ilivyokuwa: mtu mmoja alitolewa kwenye machela ya mama mgonjwa ili amtegemeze mwanawe aliyekuja kumsaidia. Leodegar alishuka ameegemea bega la Thadeus, hatua kwa hatua, akilia, na mvua ikamfichia machozi.

Hospitalini mjini muuguzi alifungua mlango wa gari, akamwona mama na mwanawe kwenye kiti cha nyuma, wote wanahema midomo wazi. Akauliza, "Mgonjwa ni yupi?"

Swali hilo Leodegar alikaa nalo muda mrefu kuliko maneno yote aliyowahi kuambiwa kuhusu mwili wake.

Bibi Mektrida alikuwa na nimonia. Aliyemtibu alikuwa daktari mmoja mwanamke aitwaye Khyati, mjukuu wa muuza vitambaa wa Kihindi wa hapo hapo mjini, aliyezaliwa Moshi na kuongea Kiswahili cha Moshi. Mama alipoanza kupata nafuu na kulalamikia uji wa hospitali, daktari alimgeukia Leodegar.

"Baba, na wewe nikuone."

"Mimi siumwi, daktari. Mimi ni huu mwili tu."

"Ndio huo mwili ninaotaka kuuona."

Alimpima. Sukari ilikuwa imefika mpakani, bado kidogo tu iitwe kisukari. Shinikizo la damu lilikuwa juu. Halafu kulikuwa na kipimo kingine cha damu ambacho Leodegar hakuwahi kukisikia, kile kinachoonyesha kama mwili unapambana na jambo fulani ndani. Nacho kilikuwa juu.

"Lakini sina kidonda," alisema Leodegar. "Sina hata homa."

Khyati alisogeza kiti. "Watu wanadhani mafuta ya mwilini ni gunia la akiba, unalibeba basi. Siyo. Mafuta ni kiungo hai. Yana seli, yana mishipa ya damu, yanatuma taarifa mwili mzima. Ukila kuliko unavyotumia, zile seli zinajaa. Zinazidi kujaa mpaka damu haizifikii vizuri, nyingine zinakufa. Zikifa, mwili unatuma seli za ulinzi zije kusafisha."

"Si ni vizuri?"

"Ni vizuri kama wakija, wakasafisha, wakaondoka. Hawa hawaondoki. Wanaizunguka ile seli iliyokufa, wanaita wenzao, wanamwaga kemikali za kupigana. Hiyo ndiyo tunayoita michomo. Huisikii, haiumi kama jipu. Lakini zile kemikali zinaingia kwenye damu, zinakwenda kwenye ini, kwenye misuli, kwenye mishipa ya moyo. Insulini inapiga hodi kwenye misuli, misuli haifungui. Sukari inabaki nje inazurura."

Leodegar alijishika tumbo, safari hii bila kulipiga. Aliuliza kama kuna dawa. Khyati akamwambia dawa za presha ataanza leo, na kwamba kuhusu hayo mengine, yeye na wenzake walikuwa na utafiti. Walitafuta watu wanene ambao bado hawajaanza dawa za sukari. Wengine wangetembea kwa nguvu kila siku, wengine wangekula katika saa chache tu za mchana na kufunga zilizobaki, wengine wangefanya yote mawili. Kabla na baada, kila mmoja angetolewa kipande kidogo cha mafuta chini ya ngozi ya tumbo kwa sindano, kiangaliwe.

"Nami nitapona?"

"Sikuahidi," alisema Khyati. "Kwa panya wa maabara majibu yanapendeza. Kwa binadamu, wengine wamepata nafuu, kwa wengine tofauti haionekani. Kuhusu mazoezi tuna uhakika zaidi, kwa sababu misuli ikifanya kazi nayo hutoa kemikali zake, za kutuliza. Hili la kufunga, na hasa ukilichanganya na mazoezi, ndilo tunalouliza. Kama tungekuwa na jibu tusingekusumbua."

Alikubali kwa sababu hakuahidiwa. Alizoea watu wanaoahidi kisha hawatimizi.

Siku ya sindano, mtu huyu aliyechinja mbuzi maisha yake yote alifumba macho na kumshika mkewe mkono mpaka Justina akaguna. Walimtia ganzi, hakusikia zaidi ya kuvutwavutwa. Baadaye Khyati alimwita aangalie kwenye hadubini. Leodegar aliinama, akaona vitu mfano wa mapovu makubwa yamebanana, na kuzunguka baadhi ya mapovu kulikuwa na vidoa vyeusi vimepangana duara, duara baada ya duara.

"Hao ndio walinzi wako," Khyati alisema.

"Wengi hivi?"

"Wengi hivi."

Bahati yake katika utafiti ilimwangusha kwenye kundi la yote mawili. Angekula kuanzia saa nne asubuhi, na ikifika saa kumi na mbili jioni afunge mdomo, isipokuwa kwa maji au chai kavu isiyo na maziwa wala sukari. Na angetembea kila asubuhi kwa mwendo wa kumfanya aongee kwa shida lakini asishindwe kuongea.

Kutembea kulimwia rahisi kuliko alivyodhani, kwa kuwa alichagua tambarare. Alitoka Njoro kukiwa bado na ubaridi, akashuka upande wa Mabogini, akafuata kingo za mifereji ya mashamba ya mpunga. Huko hakuna aliyemjua. Mwanzoni ilimlazimu kukaa kila mara, na wanawake waliokuwa wakipandikiza walimtania, "Mzee, umekuja kununua shamba?" Baada ya muda wakaacha kumtania, wakawa wanamsalimia.

Kilichomtesa kilikuwa jioni. Kazi yake ni chakula, na chakula cha harusi huliwa usiku. Mchana alionja kama kawaida, lakini ndafu ilipoingia ukumbini, saa yake ilikuwa imekwishapita. Alisimama nyuma ya ukumbi ananusa harufu ya kazi ya mikono yake mwenyewe, tumbo linanguruma, wapishi wenzake wanatafuna. "Leo, hata ulimi?" walimwambia, wakimpelekea kipande alichokipenda kuliko vyote. Alishika kikombe cha chai kavu kwa mikono miwili kama mtu anayeomba. Wiki za mwanzo kichwa kiliuma, akawa mkali nyumbani, akagombana na Justina kwa sababu ya kijiko. Kisha, polepole, njaa ya jioni ikaanza kuwa kama mgeni anayebisha asifunguliwe: inabisha, inachoka, inaondoka.

Mkanda ulianza kusogea tundu. Siku moja Justina aliamka akamkuta mumewe kitandani, amelala chali, hakoromi. Aliogopa. Alimwekea kiganja kifuani kuhakikisha kama anapumua.

Lakini kadiri mwili ulivyopungua, maneno yaliongezeka. Mjini kwetu mtu mnene akikonda, hatuulizi amefanya nini, tunauliza amepatwa na nini. Mama mmoja, mwenyekiti wa kamati ya harusi, aitwaye Priska, alikuja hadi nyumbani. Alikataa soda, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Baba, sisi kamati tumeona safari hii upumzike."

"Nipumzike na nini, mama? Si mlishaniambia nianze kutafuta mbuzi?"

Priska aliangalia sakafu. "Unajua watu. Wanasema unatumia dawa. Ule ugonjwa. Na nyama ni kitu cha kuliwa, wageni wataogopa."

Justina alikuwa mlangoni. Aliweka chini ndoo aliyoibeba. "Dawa anazotumia ni za presha," alisema. "Na hata zingekuwa hizo mnazosema, anayemeza dawa zake anachoma nyama kama mtu mwingine yeyote. Nani kawadanganya huambukizwa kwa kula ndafu?"

Priska aliomba radhi, lakini kazi ilikwenda kwa mchomaji mwingine, mwenye tumbo. Wiki hiyo kamati nyingine nayo ikapiga simu kumwondoa.

Jumamosi ya harusi ile Leodegar alikwenda kilabu kimoja cha mbege, akaagiza kisusio, supu ile nzito ya damu na nyama za ndani, akaagiza bakuli la pili, akala mpaka giza. Kesho yake hakwenda Mabogini. Wala keshokutwa. Alianza tena kula usiku kwa makusudi, mbele za watu, akikaa meza ya nje ili wapita njia wamwone. Alitaka tumbo lake lirudi. Khyati alipopiga simu, hakupokea.

Justina alivumilia kitambo. Asubuhi moja alimkuta amekaa barazani, viatu mkononi, anahangaika kuinama. Safari hii hakumfunga kamba. Alikaa kando yake.

"Leo, nikuambie kitu."

"Sema."

"Mimi sikukupenda kwa sababu ya lile tumbo, wala sikuchukii kwa hili. Ukitaka kuwa mnene, uwe. Lakini mwezi wa nne mimi nilikaa kwenye benchi la hospitali nikidhani nitauguza watu wawili. Sijamwambia mtu. Nilikuwa nasali, sijui nimtaje nani kwanza, mama yako au wewe. Hao wa kamati wakila wakishiba wanakwenda kwao. Mimi ndiye ninayelala nikikusikiliza kama unapumua."

Leodegar aliviweka viatu chini. Kisha akachukua simu, akampigia Khyati, akamweleza alivyoharibu.

"Watu wengi wanaacha katikati," daktari alisema. "Tutaandika kwamba uliacha, kisha ukarudi. Ila urudi."

Alirudi. Mabogini mpunga ulikuwa umeshavunwa na maji yamefungwa, mifereji mikavu. Alitembea.

Krismasi ilipofika walipanda Kibosho kama watu wote. Nyumba ya mama ilijaa wajukuu waliotoka Dar na Arusha, mtori jikoni, ndizi na nyama kwenye sufuria kubwa, na Leodegar nje anamchoma mbuzi wa ukoo. Jioni waliitwa mezani. Alikaa nao lakini hakushika sahani. Bibi Mektrida, aliyekuwa amepona na kurudia ukali wake, alimpakulia mwenyewe, akamwekea mbele. Leodegar akashukuru, akasema saa yake imepita.

Mama alimtazama mashavu. "Mwanangu unaumwa, na unanificha. Tangu nikuzae, uliwahi kukataa chakula changu? Nani kakufunga mdomo?"

Leodegar alieleza, lakini maelezo ya seli na walinzi hayakuingia kichwani mwa mama aliyekasirika. Mwisho Justina akasema, "Mama, basi ongea na daktari wako mwenyewe." Akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo, bibi," simu ilisema. "Heri ya Krismasi."

"Marahaba. Wewe si yule binti uliyenitibu kifua? Sasa mbona unamnyima mwanangu chakula siku ya Kuzaliwa Bwana?"

Watoto walicheka, wakanyamazishwa. Khyati naye alisikika akicheka. "Simnyimi, bibi. Anakula mchana. Tunalipatia tu tumbo nafasi ya kupumzika usiku. Bibi yangu mimi naye hufunga, siku zake za dini, na kila mara mama anagombana naye mezani kama wewe unavyogombana hapo."

"Kwa hiyo haumwi?"

"Alikuwa anaelekea kuumwa. Sasa anarudi nyuma. Na leo, siku moja ya sikukuu, akila jioni hakuna kitakachoharibika. Hilo ni la kwake kuamua."

Mama alimrudishia Justina simu. Leodegar aliiangalia sahani, akachukua ndizi moja, akala mbele ya mama yake kwa adabu zote, akanawa. Mama alikata jani la mgomba, akaifunika sahani iliyobaki, akaipeleka kabatini. Asubuhi, wengine wakinywa chai, alisimama kwenye kizingiti akiangalia saa ya ukutani, na saa nne ilipofika akamletea ndizi na nyama zimepashwa moto. "Haya," alisema. "Saa yako."

Baada ya mwaka mpya Leodegar alichomwa sindano ya pili. Aliinama tena kwenye hadubini. Mapovu yalikuwepo, mengine madogo kuliko yale ya mwanzo. Miduara bado ilikuwepo pia, ila ilimbidi aitafute.

"Wamekwenda wapi?" aliuliza.

"Wengine wameondoka. Wengine wamebadilika, sasa wanasafisha badala ya kupigana," Khyati alisema. "Lakini tusishangilie kupita kiasi. Hiki ni kipande kimoja cha mtu mmoja, kutoka mahali pamoja. Na sijui kipi kimefanya: kutembea, kufunga, au kupungua uzito tu. Mpaka tuwajumlishe wote."

"Mimi najua kitu kimoja," Leodegar alisema. "Naweza kufunga viatu."

Sukari ilikuwa imeshuka ikatoka mpakani. Kile kipimo cha michomo nacho kilishuka, si mpaka chini kabisa. Dawa za presha anazimeza bado, na goti la kushoto linamuuma bado, na mtu asiyemjua akimwona leo atasema huyu ni mnene. Ni kweli, ni mnene. Kazi zilirudi, si zote. Kuna kamati zilizomzoea mchomaji mwingine. Kuna nyingine zilizomfuata baada ya kuonja kwake na kwa yule, zikaona tofauti haiko tumboni.

Utafiti umekwisha upande wake, hakuna anayempigia simu tena kumuuliza ametembea au hakutembea. Msimu wa harusi ukichanganya, kuna siku hula usiku, na kesho yake huanza upya bila kujitukana. Kwaresima iliyopita mtu mmoja wa jumuiya alimtania, "Wewe utafunga nini tena, na unafunga mwaka mzima?"

"Ile ni ya Mungu," Leodegar alimjibu. "Hii ni ya kutaka kuzeeka."

Jumapili baada ya misa Justina huenda naye Mabogini. Ana mwendo wa haraka kuliko yeye, hutangulia kwenye ukingo wa mfereji viatu mkononi, kisha husimama akiwaangalia watu wanaopalilia mpunga mpaka mumewe amfikie.